Kuku wa Kienyeji na Tone la Chanjo

Mtu akiingia katika kijiji chochote cha Nachingwea au Ruangwa, ikiwa ni Naipanga, au Mnero, au Mandawa, au Mnacho, huonana na kuku kabla hajaonana na mwenye nyumba. Kuku yuko uani, yuko chini ya mkorosho, yuko jikoni akidokoa chenga. Hapewi chakula chake mwenyewe, hajengewi nyumba, wala hakuna amhesabuye ila siku ya mgeni. Kwa sababu hiyo watu wengi hawamtii katika hesabu ya mali. Ukimwuliza mtu, "Je, unafuga?" atajibu, "Sifugi, nina vikuku viwili vitatu tu." Maneno yetu haya ni juu ya hivyo vikuku viwili vitatu, kwa kuwa sisi twaona ndimo ulimo msaada wa kwanza wa nyumba nyingi za kusini, kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi wa maziwa, na kabla ya mnyama mwingine yeyote aletwaye kwa gari.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini hatuanzi na ng'ombe. Sehemu kubwa ya nchi hii ni msitu wa miombo, na msitu wa miombo ndio makao ya mbung'o. Mbung'o akimwuma ng'ombe humtia vijidudu vya ugonjwa wa nagana, na ng'ombe hukonda, hupungukiwa damu, akafa. Ndiyo maana wazee wetu, Wamwera na Wamakua na Wayao na Wamakonde, walikuwa watu wa jembe na wa kuwinda, wala hawakujulikana kwa mazizi makubwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Ihefu na Usangu, upande wa Mbeya, walihamia katika Mkoa wa Lindi pamoja na makundi yao, na tangu hapo ng'ombe wameonekana mahali ambapo zamani hawakuonekana, pamoja na magomvi ya mashamba na malisho. Lakini nyumba za wakulima zilizo nyingi hazina ng'ombe, na nyumba isiyo na ng'ombe haiwezi kungoja ng'ombe ili mtoto wake apate kitoweo.

Tena nchi hii imekwisha kuonyeshwa kazi kubwa. Mwaka 1947 ulianza ule Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa mahali pamoja katika matatu yaliyochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Nia yao ilikuwa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani hata Nachingwea, wageni wakajaa. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mpango umeshindwa, na paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka iliyofuata uhuru. Hatusemi kwamba kazi kubwa zote ni mbaya. Twasema tu kwamba kazi ile ilianza na vitu vilivyotoka mbali, kabla ya kuuliza ardhi na mvua na watu wa mahali pale.

Jambo kama hilo, ingawa ni dogo, laweza kutokea hata kwa mbuzi. Ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008 huko kaskazini. Haukukaa sana, ukaonekana kwa jirani zetu wa Newala na Tandahimba. Wachunguzi walipofuata nyayo zake waliona kwamba ulikuja na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Basi mtu aliyetaka kuongeza kundi alileta kwa mkono wake mwenyewe kilichoumaliza mtaji wake na wa majirani. Mbuzi ni mnyama mwema, na yule mdogo wa kienyeji huvumilia nchi yetu kuliko ng'ombe, na mtindo wa kumpa jirani mtoto wa kwanza wa mbuzi uliyepewa ni mtindo wa haki. Lakini mbuzi mgeni hana budi kuchanjwa na kutengwa majuma matatu au manne kabla hajachanganywa na wengine, na mwenye haraka asianze naye.

Sasa turudi kwa kuku. Yeye hana haja ya kuletwa, kwa kuwa yuko. Kwa nini basi miaka inapita, naye haongezeki? Tufanye hesabu kama wafanyavyo watoto ubaoni. Nyumba ina mitetea 4 na jogoo 1. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hivi, pengine 15, kisha huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga miezi miwili au mitatu, ndipo arudi kutaga. Kwa hiyo katika mwaka hutaga mara 3, au 4 akitunzwa vizuri. Tuchukue mara 3. Kila mara nyumba iondoe mayai 4 ya kula na kumwachia kuku 8 ayaatamie. Kwa mwaka yameatamiwa mayai 96. Tuseme yameanguliwa 80. Mwewe na nguchiro na baridi ya masika vichukue nusu, wamebaki vijana 40. Pamoja na wale 5 wa kwanza ni kuku 45. Nyumba sasa ni tajiri. Halafu kiangazi chafika, na mdondo nao wafika. Ukiua 8 katika kila 10, na mara nyingi huzidi hapo, wamebaki 9. Mwaka mzima wa kazi ya kuku na wa nafaka yake umeleta kuku wanne.

Mdondo, ambao pwani huitwa pia kideri, ndio mlango ambao mali hii hutokea. Mtu anaweza kumjengea kuku wake banda la mabati, akamlisha mahindi kila asubuhi, na mdondo ukafuta yote kwa juma moja. Ugonjwa huu ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926 katika kisiwa cha Java, na katika mwaka huo huo karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza, na kwa hiyo vitabu vingi huuita kwa jina la mji huo. Kwa upande wetu wa Afrika ya Mashariki ulionekana kando ya Mombasa mwaka 1935. Husababishwa na kirusi, kitu kidogo kisichoonekana kwa jicho, na hakuna dawa ya kuukomesha ndani ya kuku aliyekwisha ugua. Kuku huinamisha mabawa, hujikunyata, huhema kwa kinywa wazi, huharisha kinyesi cha kijani. Wengine hupindika shingo au kuzunguka mahali pamoja kama waliolewa. Katika siku chache hufa, kwanza mmoja, kisha watatu, kisha tundu zima.

Twajua dawa zinazopendekezwa kijijini. Wako wawapao kuku pilipili, wako wawapao shubiri, wako wawapao majivu katika maji. Hatumcheki mtu anayehangaika kuokoa mali yake. Lakini aliyempa kuku wake pilipili naye akapona, yamkini kuku yule hakuwa na mdondo, kwa maana yako magonjwa mengine yanayofanana nao, au alikuwa miongoni mwa wale wawili katika kumi ambao wangalipona hata bila pilipili. Na liko jambo baya kuliko hilo. Mdondo ukiisha kuanza upande mmoja wa kijiji, kila mtu hukamata kuku wake na kukimbilia gulioni kuwauza kabla hawajafa. Bei huanguka siku hiyo hiyo. Tena kuku yule anayeonekana mzima amebeba ugonjwa tumboni, na aliyemnunua kutoka kijiji cha pili amekwenda nao nyumbani. Hivyo mdondo husafiri kwa baiskeli na pikipiki kuliko usafirivyo kwa upepo. Manyoya na matumbo ya kuku aliyekufa nayo yakitupwa jalalani, mbwa na kunguru huyatawanya. Hayana budi kuchomwa au kufukiwa chini sana.

Kinachozuia mdondo ni chanjo peke yake. Chanjo za zamani zilikuwa nzuri, lakini zilitaka barafu tangu kiwandani hata kijijini, na kijiji kisicho na umeme kilikuwa nje ya hesabu. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu mmoja wa Australia, Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, ilipotufaa. Yeye na wenzake walitafuta kirusi cha namna ya mdondo kisichodhuru kuku, tena chenye kuvumilia joto, wakapata kile kiitwacho I-2, na mbegu yake ikatolewa kwa nchi zilizotaka kujitengenezea chanjo zenyewe. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji ilijitengenezea, na vijiji vyake vikawekewa miezi maalumu ya kuchanja, yaani Machi, Julai na Novemba. Tanzania nayo hutengeneza ya kwake kwa mkono wa Wakala wa Maabara ya Veterinari, na jina lake, TEMEVAC, lakumbusha Temeke ya Dar es Salaam iliko maabara hiyo. Chanjo hii si kwamba haiharibiki kabisa. Jua huiua. Lakini ikifungwa katika kitambaa kibichi, ikawekwa kikapuni mahali pa kivuli, huweza kusafirishwa kutoka mjini Nachingwea hadi kijiji cha mbali ikafika ingali na nguvu, jambo ambalo zile za kwanza hazikuliweza.

Namna ya kuchanja ni rahisi hata mwanafunzi wa darasa la saba aliyefundishwa vema aweza kuifanya. Usiku wa kuamkia siku ya chanjo kuku wafungiwe ndani, kwa maana kuku aliyekwisha toka asubuhi hakamatiki. Mtu mmoja amshike kuku na kumlaza ubavu, jicho moja lielekee juu. Mwenye chupa aiinue wima kabisa, aangushe tone moja katika jicho hilo, chupa isiguse jicho wala manyoya, kisha wangoje mpaka tone limeenea ndipo kuku aachiliwe. Tone moja, jicho moja, imekwisha. Kifaranga wa siku moja na jogoo mzee wote hupata tone sawa. Kuku aliyekwisha ugua asichanjwe, kwa kuwa chanjo si dawa. Kuku mzima naye hupata kinga yake baada ya majuma mawili hivi, kwa hiyo aliyengoja mpaka majirani wameanza kuzika kuku amechelewa. Kusini kwetu mdondo huja hasa katika miezi ya ukavu, kuelekea mwisho wa mwaka. Basi yafaa chanjo ya kiangazi iwe imekwisha mwezi mzima kabla. Kisha irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, kama afisa mifugo atakavyosema na kama karatasi ya chanjo ionyeshavyo, kwa sababu kinga hupungua, na pia kwa sababu vifaranga wapya wamekwisha anguliwa ambao hawakuliona lile tone la kwanza.

Hapa ndipo penye ugumu, nao si ugumu wa ufundi. Chupa moja ya chanjo yatosha kuku wengi kuliko walio katika nyumba moja, na ikiisha kufunguliwa na kuchanganywa haifai kuwekwa kwa ajili ya juma lijalo. Mwenye kuku 9 hawezi kununua chupa peke yake bila hasara. Lakini nyumba 20 zenye kuku 9 ni kuku 180, na hapo chupa ina kazi, na mchango wa kila nyumba huwa mdogo sana kuliko bei ya kuku mmoja. Kwa hiyo chanjo ya mdondo ni kazi ya kitongoji kizima, kwa siku moja, kama ilivyo kazi ya kusafisha kisima. Nyumba moja ikikataa, kuku wake watakuwa kiota cha ugonjwa, na vifaranga wa jirani ambao bado hawajapata tone watauokota huko.

Mwezi wa Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kuchanja mifugo kwa nchi nzima, na katika kampeni hiyo kuku wa kienyeji waliwekwa katika hesabu ya kuchanjwa bila malipo. Hilo ni jema, na wengi wameona kwa macho yao kwamba tone halimwui kuku, kama ilivyovumishwa. Hofu yetu ni moja. Mtu aliyechanjiwa bure mara moja aweza kukaa akingoja gari lile lile lirudi, na huku miezi minne imepita. Kijiji chenye mtu wake aliyefundishwa, anayekwenda nyumba kwa nyumba na kulipwa kidogo kwa kila tone, hakingoji gari. Tena twapendelea mtu huyo awe mwanamke. Katika nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa kuku ni wa mama. Yeye ndiye ajuaye ni wangapi, yupi ameatamia na yupi amepotea tangu juzi, na mwanamke mwenzake ataingia uani alfajiri bila kuulizwa maswali. Fedha ya kuku nayo ndiyo chumvi, sabuni na daftari la mtoto katika miezi ambayo korosho na ufuta havijauzwa. Tumeona pia kwamba kuku wakizidi na kuwa mali ya kuonekana, mara nyingine baba hukumbuka kuwa ni wake. Jambo hilo lizungumzwe nyumbani mapema, kabla tundu halijajaa.

Mdondo ukiisha kuzuiwa, ndipo banda na chakula vinapopata maana. Banda liinuliwe juu ya miti, ili kicheche na nyoka wasiingie kwa urahisi, sakafu yake ya fito iangushe kinyesi chini, na kinyesi hicho ni mbolea ya bustani. Majivu yakinyunyizwa katika viota hupunguza utitiri. Vifaranga, kwa muda wa majuma manne ya kwanza, wafunikwe kwa tenga mchana ili mwewe asiwaone, wapewe maji safi katika kifuniko kisicho na kina, na chakula chao kiwe karibu. Chakula si lazima kinunuliwe. Jaza chungu kikuukuu mabua makavu na samadi, ukinyunyizie maji kidogo, ukifudikize juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi utakuta mchwa wa kutosha vifaranga wa mama mmoja. Pumba na mashudu ya ufuta hufaa sana. Mama yao akitengwa nao baada ya mwezi mmoja, badala ya miezi mitatu, atarudi kutaga upesi, na ile hesabu yetu ya mara 3 yaweza kufika 4 au 5.

Yamebaki mayai, nayo yana maneno. Katika nyumba nyingi yai huuzwa au huatamiwa, ila haliliwi, na likiliwa huliwa na mgeni au na baba. Wako wazee waliomkataza mja mzito kula mayai, wakisema mtoto atazaliwa bila nywele kichwani. Twawaheshimu wazee wetu, lakini katika neno hili hatuwafuati. Ugali wa muhogo hushibisha tumbo, ila haujengi mwili. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 ni wafupi kuliko umri wao utakavyo, kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Huko Ecuador, Amerika ya Kusini, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na habari iliyotolewa mwaka 2017 ilisema kwamba udumavu ulipungua karibu nusu. Watu wakafurahi, wakafanya vivyo hivyo Malawi, katika Mangochi, na mwaka 2019 wakatoa habari kwamba watoto hawakurefuka kuliko wenzao. Je, yai la Malawi halina nguvu? Sivyo. Watoto wale hukaa karibu na ziwa, na samaki walikuwamo katika chakula chao tangu mwanzo. Yai humfaa zaidi mtoto ambaye hana samaki wala maziwa. Sasa na tutazame Ruangwa, iliyo mbali na bahari, ambako dagaa hufika wakavu na kwa bei, na maziwa ni haba.

Lakini tusidanganyane katika hesabu. Mitetea 4, kwa mayai 4 ya kula kila uzazi, mara 3 kwa mwaka, hutoa mayai 48, yaani hayafiki hata yai moja kwa juma. Nyumba ikiwa imechanja miaka miwili na kufikisha mitetea 10, ni mayai 120, mawili na zaidi kila juma. Si yai la kila siku kama la Ecuador. Hata hivyo, mayai mawili kwa juma kwa mtoto mmoja, yaliyochemshwa mpaka yakaiva kabisa, yakapondwa katika uji wake tangu atimizapo miezi sita, pamoja na mbaazi na kunde ambazo nchi yetu haina uhaba nazo, ni tofauti kubwa na kutokuwa na chochote. Tatizo ni kwamba mayai yote hufanana, na jikoni yana wapenzi wengi. Tumeona nyumba fulani ambako mama huyatia alama ya mkaa yale ya kuatamiwa, na mayai yasiyo na alama ni ya mdogo wa mwisho, na hakuna mtu mzima ayagusaye. Siku ya chanjo huandikwa kwa mkaa huo huo juu ya mlango, na chini yake mwezi wa chanjo ifuatayo, ili hata asiyejua kusoma aulize ni mwezi gani ule.